Tumbo la Jumapili usiku

Kwa karibu miezi mitano tumbo la binti yangu lilizijua siku za wiki kuliko kalenda. Jumatatu hadi Jumamosi lilikuwa kimya. Jumapili, ikifika saa mbili usiku, analishika kwa mikono miwili, anakunja miguu kwenye kochi na kusema, "Mama, limeanza." Ana miaka 10. Hatapiki, haharishi, hana homa. Tulimpeleka hospitali, akapimwa kila kinachopimika, na daktari akatuambia kwa upole kwamba mtoto hana kitu.

Hana kitu. Mtoto amejikunja kama jongoo, halafu hana kitu. Njiani kurudi nyumbani alinitazama kwa jicho la mtu aliyesingiziwa uongo, na aibu ikanishika, kwa sababu pale mbele ya daktari, kwa sekunde chache, hata mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba anaigiza.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Jumapili usiku hufuatwa na Jumatatu asubuhi, na Jumatatu ni shule, kwa hiyo shule ndiyo mchawi. Nikamwendea mwalimu wake. Nikaulizia uonevu, nikaulizia mitihani, nikampunguzia masomo ya ziada. Na kwa kuwa mimi nikishikwa na jambo hulikimbilia kwa kusoma, nikaanza kusoma tafiti za msongo, usiku, wenzangu wakiwa wamelala. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyatoa huko. Lile kubwa nimelitoa kwa mtoto mwenyewe, tena kwa kuchelewa.

Kwanza nina ugomvi na lugha yetu. Tunasema "msongo wa mawazo", na neno msongo lenyewe ni zuri mno: limetoka kwenye kusonga, yaani kubana, ndugu yake ni msongamano. Aliyesongwa hana pa kupumulia. Ugomvi wangu ni ule mkia, "wa mawazo". Umetuaminisha kwamba jambo lote liko kichwani, na dawa yake ni kuacha kuwaza. Ndiyo maana mtoto akilia tunamwambia "usiwaze sana", kana kwamba mawazo ni redio, unazima ukitaka. Vijana wanaosema "stresi" tu, bila mkia, wako karibu zaidi na ukweli, na sikuwahi kudhani kuna siku nitasimama upande wao kwenye jambo la lugha.

Maana mtu aliyeliweka somo hili mezani hakuanza na mawazo, alianza na panya. Hans Selye, daktari mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature mwaka 1936. Panya wengine aliwaweka kwenye baridi kali, wengine akawachosha kwa mazoezi, wengine akawajeruhi, wengine akawapa dawa kwa dozi za kuumiza. Mateso yalikuwa mbalimbali, lakini alipowapasua alikuta mambo yaleyale: tezi zinazokaa juu ya figo zimevimba, tezi ya thaimasi inayolea kinga ya mwili imesinyaa, na tumboni kuna vidonda. Tumboni! Nilirudia sentensi ile mara mbili. Panya hana ripoti ya shule, na sidhani kama anaiwaza kesho, lakini tumbo lake lilikuwa limetunza kumbukumbu zote.

Utasema panya wale waliteswa, mtoto wa shule hateswi na mtu. Basi soma huu wa wanafunzi, ambao kwangu ndio utafiti usiosahaulika kuliko yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, akiwemo Janice Kiecolt-Glaser, waliwachukua wanafunzi 11 wa udaktari wa meno na kuwatoboa kijidonda kidogo kwenye kaakaa, juu ndani ya kinywa, wakati wa likizo ya kiangazi. Wakapima kila siku kinavyojifunga. Kisha wakawatoboa tena watu walewale, upande wa pili wa kaakaa, siku tatu kabla ya mtihani mkubwa. Kinywa kilekile, kidonda cha ukubwa uleule. Kile cha wakati wa mtihani kilichukua wastani wa siku tatu zaidi kupona, yaani asilimia 40 zaidi, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyepona haraka kama alivyopona likizo. Matokeo yalitoka mwaka 1998.

Mimi chuoni kila msimu wa mitihani nilitoka vidonda mdomoni. Kila msimu, bila kukosa. Mwenzangu wa chumbani alisema ni kukosa usingizi, mama yangu akasema sili vizuri, na mimi mwenyewe niliona ni bahati mbaya inayopenda kuja Juni na Desemba. Hakuna aliyeniambia kwamba mtihani unaweza kuingia mwilini na kupunguza kasi ya mafundi wanaoziba ngozi. Ningelijua hilo labda nisingejiona dhaifu kiasi kile. Au pengine ningejiona, nani ajuaye. Nilikuwa na miaka 20 na nilijiona dhaifu kwa kila jambo.

Nikarudi kwa binti yangu na dawa niliyoisoma. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyonifurahisha sana: wanafunzi wenye hofu ya mtihani, wakipewa dakika 10 kabla ya kuanza waandike wanachokiogopa, walifanya vizuri zaidi. Kalamu na karatasi tu. Jumapili tatu mfululizo nikamkalisha mtoto mezani aandike hofu zake. Jumapili ya kwanza aliandika, "Naogopa tumbo." Ya pili akachora paka. Ya tatu aliniuliza kama na hii ni kazi ya shule.

Baadaye nikakuta kwamba kundi la watafiti lilirudia majaribio 21 ya sayansi ya jamii yaliyokuwa yamechapishwa katika Nature na Science, na mwaka 2018 wakatoa majibu: 13 yalisimama, 8 hayakusimama. Hili la kuandika hofu lilikuwa miongoni mwa yale 8. Sisemi kuandika hakufai. Yapo majaribio mengine mengi ya kuandika yaliyoanza na James Pennebaker miaka ya 1980, na bado yanajadiliwa. Ninachosema ni kwamba nilimgeuza mwanangu kuwa maabara kwa sababu ya makala moja yenye kichwa kizuri, na paka yule ameniwekea akili sawa.

Halafu likizo ikafika.

Shule ikafungwa. Hakuna Jumatatu ya kuogopwa, hakuna mtihani, sare imekunjwa kabatini. Jumapili ya kwanza ya likizo, saa mbili na dakika chache, nasikia kutoka kwenye kochi: "Mama, limeanza."

Nadharia yangu nzuri ilifia pale pale. Kama si shule, ni nini kinachotokea nyumbani kwetu Jumapili saa mbili usiku? Nilikuwa nimekaa mezani wakati huo najiuliza. Mbele yangu daftari, kikokotoo, na simu niliyoilaza kifudifudi. Nilikuwa napiga hesabu za marejesho ya mkopo, kama nilivyofanya kila Jumapili saa hiyo, kwa sababu marejesho yetu yalikuwa yakidaiwa Jumatatu.

Nataka nieleze vizuri hapa, kwa sababu mtu atadhani nyumba yetu ilikuwa na kelele za madeni. Haikuwa nazo. Mimi na baba yao tulikubaliana tangu mwanzo kwamba watoto hawatajua. Hatukuzungumza habari za mkopo mbele yao. Simu zikipigwa nilitoka nje. Nilijivunia ukimya ule. Niliuhesabu kama malezi bora.

Kipo kipimo cha zamani cha Thomas Holmes na Richard Rahe, cha mwaka 1967, chenye matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake: kufiwa na mwenzi 100, talaka 73, kuoa au kuolewa 50. Mkopo mkubwa wa nyumba una 31. Hata likizo ina alama 13, jambo ambalo mama yeyote aliyewahi kusafirisha watoto atalisaini. Nilipotupigia hesabu kwa orodha ile, tulikuwa salama salimini, maana mwaka ule hakuna kikubwa kilichotupata. Kasoro yake ni kwamba inahesabu ngurumo na kuacha manyunyu. Mwaka 1981 Richard Lazarus na wenzake walionyesha kuwa kero ndogo za kila siku zinatabiri hali ya mtu vizuri kuliko matukio makubwa. Mkopo ni tukio moja. Jumatatu ziko 52 kwa mwaka.

Na jinsi pesa inavyomfikia mtoto imechunguzwa kwa miaka mingi. Glen Elder aliwafuatilia watoto wa Oakland, California, waliozaliwa mwaka 1920 na 1921, ambao familia zao zilipigwa na mdororo mkuu wa uchumi. Baadaye Rand Conger na wenzake walikwenda Iowa mashambani, baada ya mgogoro wa kilimo wa miaka ya 1980, na kuanzia mwaka 1989 wakafuatilia familia 451. Walichokiona kinafanana: upungufu wa fedha hauendi kwa mtoto moja kwa moja. Unapita kwa wazazi. Hesabu zinakataa, mzazi anakata tamaa au anakuwa mkali, wazazi wanaanza kuchokorana, subira ya malezi inapungua, na hapo ndipo mtoto anapoguswa. Mtoto wa Iowa hakuiona barua ya benki. Alimwona baba akifunga mlango kwa nguvu isiyohitajika.

Mimi sikuwa nafunga mlango kwa nguvu. Mimi nilikuwa natabasamu. Kwa hiyo nilipofika kwenye tafiti za Sara Waters na wenzake nilihisi kama mtu aliyeitwa jina hadharani.

Ule wa kwanza, wa mwaka 2014, uliwatenganisha kina mama na watoto wao wachanga wa mwaka mmoja hivi. Kina mama wengine walipewa kazi ya kutoa hotuba mbele ya majaji waliokunja nyuso, kisha wakarudishiwa watoto wao. Watoto hawakuiona hotuba wala majaji. Walikalishwa tu kwenye mapaja ya mama, na ndani ya dakika chache mioyo yao ilikuwa inafuata moyo wa mama, na mama aliyesongwa zaidi ndiye mwanawe alifuata zaidi. Wa pili, wa mwaka 2020, ulikuwa na wazazi na watoto wa miaka 7 hadi 11. Baada ya kazi ya kuwasonga, baadhi ya wazazi waliambiwa wazifiche hisia zao, kisha wazungumze na mtoto juu ya jambo wanalogombania. Kina mama walipoficha, miili ya watoto wao ilionyesha dalili za msongo. Na watu wa pembeni waliotazama video, wasiojua nani aliambiwa nini, waliona mzazi anayeficha na mtoto wake wote wawili wamepoa, hawana ule ukunjufu. (Kwa kina baba mambo yalienda vingine. Mume wangu nilipomsomea sehemu hiyo alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.)

Kumbe nilichokiita ulinzi ndicho kilichokuwa kikimfikia. Mtoto hasomi daftari la mama; anasoma bega la mama. Kila Jumapili saa mbili nyumba yetu ilikuwa inabadilika hewa, mama anakuwa mpole kwa namna isiyo ya kawaida, sauti laini kupita kiasi, simu kifudifudi, na akiulizwa "Mama una nini?" anajibu, "Sina kitu."

Sina kitu! Tulikuwa wawili kwenye nyumba moja tusio na kitu.

Lazarus huyohuyo, pamoja na Susan Folkman, waliandika mwaka 1984 kwamba mtu akikutana na jambo zito hujiuliza maswali mawili, mara nyingi bila kujua: hili lina hatari gani kwangu, na nina uwezo gani nalo? Majibu ya maswali hayo, kuliko jambo lenyewe, ndiyo yanayoamua ukubwa wa msongo. Kisha kuna njia mbili za kukabiliana: unalishika tatizo lenyewe, au unashika hisia zinazotokana nalo. Hakuna iliyo bora siku zote. Mwanafunzi mwenye mtihani wiki ijayo akikaa anapumua kwa utulivu badala ya kufungua kitabu anajidanganya. Aliyekwisha kuukabidhi mtihani akiendelea kufungua kitabu anajitesa.

Sasa mweke hapo mtoto wa miaka 10 ambaye hajui hatari ni ipi. Swali la kwanza halijibiki, kwa hiyo analijaza mwenyewe. Swali la pili jibu lake ni sifuri, kwa sababu utafanya nini juu ya kitu ambacho hakina jina? Linabaki tumbo.

Nilimwita Jumapili iliyofuata, kabla ya saa mbili. Nikamwambia kwamba kuna pesa tulikopa, tunairudisha kidogo kidogo kila wiki, na mama akipiga hesabu huwa anapata wasiwasi. Nilijitayarisha kwa maswali magumu. Alikaa kimya, akakuna goti, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo hatuhami?"

Hatukuwa na mpango wa kuhama. Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo. Lakini yeye alikuwa ameniona nimesimama nje na simu, akasikia mara moja nikisema "tutaondoa", nadhani nilikuwa nazungumzia riba au gharama fulani, na kwa kipande hicho cha neno akajenga nyumba nzima ya hofu: tutahamishwa, atabadilishwa shule, atampoteza rafiki yake anayekaa naye dawati moja. Miezi mitano alikuwa akihama kila Jumapili.

Sijasema kila kitu kwa watoto tangu siku hiyo, na wala sishauri. Ipo tofauti ya kumweleza mtoto na kumtwika. Kiasi cha deni hajui, na ugomvi wangu na baba yao kuhusu deni hilo haumhusu. Nimempa jina la kitu, kwamba kina mpango, na kwamba kazi ya kukilipa si yake. Hiyo ya mwisho nimeirudia mara nyingi kuliko zote.

Kaka yake, mwenye miaka 16, ni habari nyingine. Nilimwita nikamweleza vilevile, akasema "najua" na kurudi chumbani. Nilikaribia kukasirika, mpaka nikakumbuka utafiti wa Camelia Hostinar na Megan Gunnar, wa mwaka 2014 pia. Waliwapa watoto wa miaka 9 na 10, na vijana wa miaka 15 na 16, kazi ya kuandaa na kutoa hotuba. Wengine walijiandaa wakiwa na mzazi, wengine wakiwa na mgeni. Kisha wakapima kortisoli, homoni ya msongo, kwenye mate. Kwa wale wadogo, kuwa na mzazi kuliizuia homoni isipande. Kwa vijana mzazi hakuleta tofauti yoyote. Nimeisoma mara nyingi na kila mara inaniuma kidogo. Kuna mlango ambao mtoto anaufunga na hata ukibaki umesimama nje na mapenzi yako yote, mate yake hayakutambui. Nampelekea chai (hiyo anaipokea) na nazungumza naye tukiwa kwenye gari, ambako hatutazamani. Huko hujibu.

Usiku mwingine lawama hunipata: miezi mitano ya mtoto imeharibika kwa ukimya wangu. Hapo huwa nakwenda Kauai. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa katika kisiwa hicho cha Hawaii mwaka 1955, kwa miaka 40. Karibu theluthi walizaliwa kwenye hatari kubwa: umaskini, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Katika hao, mmoja kati ya watatu alikua mtu mzima mwenye kujiamini na kujali wenzake, na karibu kila mmoja wao alikuwa amepata angalau mtu mmoja wa kumtegemea, awe bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Na wengi waliopotoka ujanani walikuwa wamerudi kwenye mstari walipofika utu uzima. Mtu mmoja haikuwa idadi kubwa ya kuombwa, na mimi kwa vyovyote sijaenda popote.

Jumapili iliyopita alikuja mwenyewe mezani, akavuta kiti, akachukua kikokotoo. Nilimsomea namba, akabonyeza. Alikosea mara mbili, mara ya pili deni letu likafika mamilioni ya mamilioni, tukacheka mpaka kaka yake akatoka chumbani kuangalia kuna nini. Nilimuuliza kuhusu tumbo. Akafikiri kwa makini, kama mtu anayetoa ushahidi, akasema limeuma, ila kidogo, na leo limechelewa, limeanza saa tatu.